Kujijua Mbele ya Nani? Vitabu Viwili vya Mwana wa Likasi

Mji wetu umepata kuitwa majina mawili. Wakati wa Wabelgiji uliitwa Jadotville, kwa kumheshimu Jean Jadot, mmoja wa wakubwa wa kampuni zilizochimba shaba ya Katanga. Mwaka 1966 ukarudi kuitwa Likasi. Miaka michache baadaye zamu ikawa ya watu. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya ubatizo yenye sauti ya kigeni, na kila mtu ikambidi kujitafutia jina la mababu la kuandikwa katika kitambulisho. Wazee wa parokia husimulia jambo hilo wakicheka, lakini wakati ule halikuchekesha. Mtu alikuwa Yosefu jikoni kwake, na mtu mwingine kabisa ofisini. Basi swali la "wewe ni nani?" halikuletwa kwetu na wasomi. Lilitufikia kwa mkono wa karani mwenye kalamu na daftari.

Kati ya wale waliobadili jina alikuwamo mwana wa mji huu, Valentin-Yves Mudimbe, aliyezaliwa hapa tarehe 8 Desemba 1941, sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Akawa Vumbi Yoka Mudimbe. Vitabu vyake vikatoka vimeandikwa V. Y. Mudimbe tu, na herufi hizo mbili, ukizitazama vizuri, zinafaa jina la kwanza na zinafaa la pili pia. Alikuwa mtu wa namna hiyo: hakupenda kufunga mlango wowote kwa haraka.

Alikufa Aprili 2025 huko Marekani, alikofundisha miaka mingi katika vyuo vikuu, na tangu hapo amesifiwa sana, hata na watu ambao hawajafungua kitabu chake kimoja. Sisi tumefungua viwili, vyote ni hadithi, vyote vimeandikwa kwa Kifaransa. Msomaji ataweza kutuuliza: Gazeti la misheni lina shughuli gani na mtu aliyeuacha utawa, na ambaye baadaye alijitaja mwenyewe kuwa hawezi kusema kama Mungu yuko au hayuko? Ni kweli. Aliingia seminari ndogo angali mtoto. Alipokuwa kijana alikwenda kwa wamonaki wa Mt. Benedikto huko Gihindamuyaga, nchini Rwanda, kisha akatoka. Lakini mwaka 1994 alipoandika habari za maisha yake, katika kichwa cha kitabu aliyaita bustani ya Kiafrika iliyopandwa kwa desturi ya Mt. Benedikto. Mtu aliyekwisha kusahau bustani haiiti hivyo. Tena hadithi hizi mbili tunazotaka kuzizungumza, moja ni ya padre na nyingine ni ya mtawa. Hatutaki kumfanya mwandishi kuwa mtakatifu, wala si kazi yetu kumhukumu. Tunataka kuuliza jambo moja tu: mtu anapojitazama moyoni, anajitazama mbele ya nani?

Swali hili si la mchezo. Kila Kwaresima tunaambiwa tuchunguze dhamiri, tujijue, ndipo twende kwenye kitubio. Vema. Lakini siku hizi neno hilo la kujijua limeingia katika vinywa vingi. Ukipita barabara za Kikula na Panda utasikia vipaza sauti vikitangaza kwamba mtu akijijua atakuwa mkubwa, atapata gari, atawashinda adui zake. Nasi Wakatoliki tusicheke sana. Tumewaona wenzetu waliofanya mafungo ya siku tatu, wakatoka na nyuso za kung'aa wakisema sasa wamejijua. Na tangu siku hiyo hawakuonekana tena katika zamu ya kuwatazama wagonjwa. Walikuwa wamejipata, na kumbe walichokipata kiliwatosha.

Kitabu cha kwanza kinaitwa Entre les eaux, yaani Kati ya Maji. Kilichapwa Paris mwaka 1973 na Présence Africaine. Anayesimulia ni padre Mkongo, jina lake Pierre Landu. Amesoma Roma na kupata elimu kubwa ya teolojia na ya sheria za Kanisa. Baada ya kurudi kwao anaona Kanisa limekaa karibu mno na wenye nguvu, na watu wake wanaonewa. Basi anaiacha parokia, anakwenda msituni kujiunga na waasi wenye kufuata mafundisho ya Marx. Anafikiri kwamba huko ndiko aliko Kristu, kwa maskini. Waasi hawamwamini. Barua anayomwandikia askofu inanaswa, anashtakiwa kuwa msaliti, anahukumiwa kufa. Askari wa serikali wanashambulia, naye anaokoka. Mwishoni tunamkuta katika monasteri ya wamonaki wa Cîteaux, amepewa jina jipya la kitawa. Jina jipya tena!

Tulikisoma kitabu hiki watu sita, jioni kwa jioni, mwenye Kifaransa kizuri akiwaelezea wengine kwa Kiswahili. Mwanzoni sote tulimpenda Landu. Ni nani asiyempenda padre anayewahurumia watu wake hata kuhatarisha maisha? Halafu katekista mmoja, mzee aliyefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha Shituru, akauliza kwa upole: "Na Jumapili ile aliyoondoka, watu wa parokia yake walifanyaje?"

Tukatazamana. Katika hadithi nzima tunamjua vizuri Landu, tunayajua mashaka ya Landu, tunajua Roma ilivyomkaa moyoni hata akiwa msituni. Lakini yule maskini ambaye kwa ajili yake alitoka, hakuna kati yetu aliyeweza kuikumbuka sura yake baada ya kukifunga kitabu. Swali la mzee yule halikutuacha tena.

Msidhani kwamba tunakidharau kitabu. La, hasha. Ni nadra kukuta mwandishi anayemchunguza padre kwa unyofu kama huu, bila kumdhihaki na bila kumpaka mafuta. Landu hajidanganyi kwa urahisi. Anajua kwamba ana majivuno. Anajua kuwa elimu yake imemtenga na baba zake, na kwamba ngozi yake inamtenga na wale waliompa elimu hiyo. Ndiyo maana kitabu kimeitwa hivyo, maji huku na maji huku. Anajua kuwa hata uasi wake una kitu cha kutaka kuonekana. Kwa kweli anajijua kuliko wengi wetu, na hapo ndipo ugumu ulipo. Kila akitenda neno, anasimama kando kujitazama akilitenda. Akisali, anajisikiliza akisali. Akiwapenda watu, anaupima upendo wake kama muuza unga apimavyo kwa kopo, akitazama kama limejaa au limepungua. Kujijua kwa namna hii hakumpeleki popote. Kunamchosha tu, na msomaji naye kunamchosha.

Twakumbuka mfano wa Bwana wetu juu ya watu wawili waliopanda hekaluni kusali. Farisayo naye alijijua: alijua amefunga mara ngapi na ametoa kiasi gani. Mtoza ushuru alisimama mbali, akapiga kifua. Sasa, Landu si Farisayo wa kawaida. Yeye anapiga kifua. Lakini anakipiga mara nyingi, na kwa maneno mazuri, hata mwishoni kifua chenyewe kinakuwa fahari yake. Tuliposoma kurasa za mwisho, pale monasterini, tuliona kwamba unyenyekevu wake una harufu ya kujisifu. Na sisi twaamini kwamba Mudimbe aliipanda harufu hiyo kwa makusudi, kwa kuwa alikuwa amekaa kati ya wamonaki naye aliifahamu hatari yao kwa ndani. Mt. Benedikto katika Kanuni yake, sura ya 7, alipanga ngazi kumi na mbili za unyenyekevu. Landu yuko juu ya ngazi hiyo, lakini kila kidato anageuka kutazama amepanda kiasi gani.

Mwalimu mmoja katika kikundi chetu alimtetea kwa nguvu. Alisema: "Ninyi mnamshambulia Landu ili msisikie anayosema juu ya Kanisa." Neno hili ni zito, tusilipite. Hapa Katanga wamonaki wa kwanza wa Mt. Benedikto walifika mwaka 1910, na kwa miaka mingi misheni, serikali na kampuni zilitembea njia moja. Misheni ilijenga shule na zahanati, nayo ilipewa viwanja na msaada. Na mfanyakazi wa kambi aliona vizuri kwamba padre na mkuu wa kambi walikula meza moja. Landu anaposema kuwa alijisikia mtumishi wa wakubwa kabla ya kuwa mtumishi wa Mungu, hasemi uongo. Mwalimu ana haki. Kujijua kwa mkristu mmoja hakutoshi ikiwa Kanisa zima linaogopa kujitazama.

Lakini basi tutazame jambo lililotokea miaka mitatu tu baada ya kitabu hicho kuchapwa, nalo halikutokea katika hadithi. Mwaka 1976 Askofu Mkuu wa Lubumbashi, Eugène Kabanga, aliwaandikia waamini wake barua ya Kwaresima, yenye kichwa Je suis un homme, yaani Mimi ni Mtu. Humo alikemea kiu ya fedha iliyoiharibu nchi, rushwa, na wakubwa wasiowajali wadogo. Watawala walikasirika sana. Kitazameni kichwa kile: nacho kinaanza kwa "mimi". Lakini "mimi" huyo hajifungii chumbani. Kama mimi ni mtu, basi mwenye kesi asiye na cha kumpa hakimu naye ni mtu, na mfungwa aliyesahauliwa gerezani naye ni mtu. Kujijua kwa askofu kukawa mashtaka kwa ajili ya wengine. Landu aliona kwamba hana budi kuondoka ili aseme kweli. Kabanga aliisema akiwa ameketi pale pale alipowekwa. Sisi twafikiri kwamba kukaa pale kulitaka moyo mkubwa zaidi. Mwalimu hakukubali, na mpaka leo hajakubali.

Tulipofika hapo, mmoja wetu alifungua kitabu cha nabii Isaya, sura ya 6. Tulikuwa tumeisikia mara nyingi katika Misa, ila hatukuwa tumeangalia utaratibu wake. Isaya haanzi kwa kujichunguza. Kwanza anamwona Bwana katika hekalu, amejaa utukufu, na malaika wanamsifu. Ndipo anapojijua: analia kwamba midomo yake ni michafu, na kwamba anakaa kati ya watu wenye midomo michafu. Halafu kaa la moto lachukuliwa altareni lamgusa. Na mara anasikia sauti ikiuliza nani atatumwa, naye anajitoa. Ibada, kisha kujijua, kisha utumishi. Wala kujijua kwenyewe hakuchukui muda mrefu! Ni mstari mmoja tu. Isaya hakuambiwa aketi miezi sita aitafakari midomo yake. Landu amegeuza utaratibu huo: anataka kwanza amalize kujijua, halafu achague atumikie wapi, na ibada itafuata akipata nafasi.

Haifai kusema kwamba nchi yetu haikuwa na njia nyingine ya kumfundisha. Twende Kolwezi, kwa maana huko kulitokea jambo ambalo Mudimbe mwenyewe alilifahamu vizuri. Padre Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji, alifika Katanga mwaka 1933. Watu wa chuo wanamkumbuka kwa kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu, kilichochapwa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1945. Akina baba na akina mama wa kambi za wafanyakazi wanamkumbuka kwa Jamaa, iliyoanza karibu na Kolwezi baada ya yeye kuwekwa huko mwaka 1953, ikaenea mpaka kwetu. Katika kitabu kidogo cha mwaka 1962, Notre rencontre, yaani Kukutana Kwetu, alieleza kwamba miaka mingi alifundisha kama bwana mkubwa, na mafundisho yake hayakushika. Ndipo alipoanza kuwauliza watu: Ninyi ni nani? Mnatamani nini? Wakamjibu mambo matatu, nayo yakawa maneno ya Jamaa kwa Kiswahili chetu: uzima, uzazi, mapendo. Padre aliposikia hayo aliona ajabu, kwa sababu hayo hayo ndiyo aliyoyatamani yeye moyoni mwake bila kuthubutu kuyasema. Alikuwa ametoka kwenda kuwajua wengine, akarudi amejijua yeye.

Tazameni tofauti. Landu alijitafuta peke yake, asijikute. Tempels alimwuliza mwenzake, akajikuta kwa ghafula. Katika Jamaa mume na mke ndio waliokutana kwanza. Wangewezaje kumfundisha jirani mapendo nao hawajui kusemezana kitandani na mezani? Wazee wetu waliokuwamo husema kwamba kwa mara ya kwanza mume aliketi akamsikiliza mkewe mpaka mwisho. Si jambo dogo katika kambi ya wafanyakazi, ambako mwanamume alirudi amechoka na kutaka bukari tu.

Hatusemi kwamba Jamaa ilikuwa safi yote. Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962, akafa Ubelgiji mwaka 1977. Vikundi vingine vilipotea njia, wengine wakajiona wao ndio Kanisa la kweli, na katika miaka ya 1970 maaskofu ikawabidi kukemea. Kukutana nako kwaweza kuwa kioo, ikiwa wanaokutana ni wale wale kila siku. Mudimbe pia, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1988 juu ya namna Wazungu walivyoibuni Afrika katika mawazo yao, alimchambua Tempels kwa ukali wa mwanachuoni, akaonyesha kuwa hata mtu mwema kama yule alibaki mmisionari aliyejiona ana kazi ya kuwaongoza Waafrika. Twakubali. Lakini mwandishi aliyeweza kuyaona makosa ya Tempels angeweza kumkopesha Landu, kwa sura moja tu ya hadithi, lile swali la Tempels. Landu hawaulizi watu wanatamani nini. Amekwisha kujua, amesoma.

Sasa tukifikie kitabu cha pili, ambacho twakipenda zaidi, nacho kinasomwa na watu wachache zaidi. Kinaitwa Shaba deux, kimechapwa mwaka 1989. Mahali ni Kolwezi ile ile. Wakati ni Mei 1978, wakati mkoa wetu ulipoitwa Shaba, na waasi waliotoka Angola walipouingia mji ule. Ufaransa ikatuma askari wa miavuli, na watu wengi wakafa, weusi kwa weupe. Wengi wa wasomaji wetu wana ndugu waliokuwako. Hadithi imeandikwa kama daftari la siku kwa siku la mtawa Mfransisko, Mkongo, aitwaye Marie-Gertrude, aliyekaa katika nyumba yenye masista wengi Wazungu. Vita vinafika. Masista Wazungu wanaondolewa. Yeye anabaki, na mzigo wa nyumba unamwangukia.

Mtawa huyu naye anajichunguza. Kurasa za kwanza tuliogopa tukidhani ni Landu amevaa kilemba cha kitawa. Anajiuliza kama wito wake ni wa kweli, kama wenzake wanampenda au wanamvumilia, kama yeye ni sista kama wao au ni mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Maswali hayo ni machungu, wala mwandishi hayapunguzi. Lakini mlango unabishwa. Daftari linaachwa. Anarudi usiku, anaandika mistari michache, na ile mistari haina tena nafasi ya kupamba mashaka. Mashaka yapo, hayakuisha. Yamepata kazi ya kufanya, basi.

Hapa twaona ufundi wa Mudimbe kuliko katika kitabu cha kwanza. Hatuambii kwamba sista amebadilika. Sista mwenyewe hajui kuwa amebadilika, maana hana muda wa kujitazama. Ni msomaji anayeona: jana aliandika juu ya moyo wake, leo anaandika juu ya watu waliomjia na wale anaowaogopea. Saa za sala zimevurugika, lakini sala haikukoma; imeingia ndani ya shughuli. Kuna jambo katika Kanuni ya Mt. Benedikto, sura ya 31, ambalo kijana wa Gihindamuyaga bila shaka alisomewa mara nyingi: mtunza vitu wa monasteri ameagizwa avitazame vyombo na mali zote za nyumba kana kwamba ni vyombo vitakatifu vya altare. Sufuria, jembe, kitanda cha mgonjwa. Katika daftari la Marie-Gertrude agizo hilo halitajwi kwa jina, linatendeka.

Kitabu kina makosa yake. Sista huandika Kifaransa cha mwalimu wa chuo kikuu, na mara nyingine twamsikia Mudimbe akikohoa nyuma ya pazia. Mama mmoja wa kikundi chetu, aliyekuwa msichana Kolwezi mwaka ule, alisema kuwa vita katika kitabu ni vya kimya mno. Yeye akumbuka kelele, na akumbuka harufu. Tena alisema kuwa hakuna mtu aliyepika katika kitabu kile, na kwamba katika vita jambo la kwanza ni kupika. Tulicheka, lakini alikuwa anasema kweli: waandishi wanaume husahau chakula.

Hata hivyo mama huyo ndiye aliyetusaidia kuona kitu tulichokuwa tunakizunguka. Alisema: "Sista yule alijijua siku alipoitwa Mama na watu asiowajua." Jina tena, wasomaji. Landu alijitafutia jina, la mwasi na la mmonaki. Marie-Gertrude aliitwa, akaitika.

Tulizungumza hayo usiku mwingi, na mzee wa Shituru ndiye aliyeyaleta nyumbani. Mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondolewa kazini katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Hapa Likasi hakuna nyumba isiyomjua mmoja wao. Mzee alieleza kwamba wengi hawakuumizwa na njaa tu. Mtu alikuwa amejijua kwa namba yake ya kazi, kwa king'ora cha asubuhi, kwa nyumba ya kambi na daftari la mgawo wa unga. Siku moja namba hiyo haikuwa na maana. Wengine walikaa barazani miaka, wakijiuliza wao ni nani, na jibu halikuja; wengine pombe iliwajibu. Alimtaja rafiki yake mmoja, fundi wa umeme, aliyekaa hivyo karibu mwaka mzima. Akaombwa kutengeneza taa za kanisa kabla ya Krismasi, kwa kuwa hakukuwa na fedha za kumlipa mwingine. Akaja amekasirika. Akapanda ngazi. Kisha akaonyeshwa nyumba ya mjane mmoja yenye waya za hatari, akaenda, kisha nyingine. Alikuwa ameacha kukomunika muda mrefu. Pasaka ile alikwenda kwenye kitubio, na mzee alituambia kwamba rafiki yake alichukua dakika chache tu, akatoka akauliza ngazi imewekwa wapi.

Mwalimu alisema kuwa hiyo si hoja, ni kisa tu. Inawezekana. Lakini alikaa kimya muda kabla ya kusema hivyo. Halafu akaongeza neno ambalo twaliandika hapa kwa haki yake: kwamba bila watu kama Landu, wanaouliza kwa ukali, watu kama fundi yule watatumiwa bure na kila mtu, hata na parokia, na hakuna atakayeuliza kwa nini wajane wanakaa katika nyumba zenye waya za hatari katika mji unaotoa shaba ya kutengenezea waya za dunia nzima. Hatukuwa na jibu la kumshinda. Tulimwomba tu aende yeye kuuliza swali hilo katika ofisi zinazohusika, naye amekwenda mara mbili.

Vitabu hivi viwili havijapata kutafsiriwa kwa Kiswahili chetu, jambo la aibu kwa mji uliomzaa mwandishi. Mwenye Kifaransa na asome kwanza Shaba deux, halafu Entre les eaux, si kama tulivyofanya sisi. Twamwomba awasomee wenzake kwa sauti, akisimama pale wasipoelewa, na asiwe na haraka. Nakala yetu ya Shaba deux imekwisha pita mikono tisa, jalada limetoka. Sasa iko kwa yule mama wa Kolwezi, anayeisoma mara ya pili, na amesema hatairudisha kabla ya Pentekoste.